Ada ya Sheria Mpya

Nilimshika mama mkwe wangu mkono mbele ya kikundi kizima, na sikumshika kwa upole. Alikuwa ameanza kufungua fundo la leso, pale kwenye pindo anapofungia pesa zake, na yule ajenti wa koini, zile sarafu za kwenye simu, amesimama mbele yake na simu mkononi, ametulia kama mtu anayengoja chenji. Nikaubana ule mkono mpaka vidole vikaacha fundo.

"Mwaitu, funga hiyo leso."

Mwaitu ni mama. Ndivyo nimemwita tangu niolewe. Lakini sauti iliyotoka siku hiyo haikuwa ya kumwambia mama. Ilikuwa ya kumfokea mtoto aliyeokota kitu chini akitaka kukitia mdomoni. Wamama wote waliisikia. Yeye akatazama mkono wake, akanitazama mimi, akafunga leso pole pole.

Tulikuwa shambani kwa mwenyekiti wetu, huku upande wa Mutomo, tumemaliza kuchimba matuta ya kuzuia maji. Kikundi chetu ni mwethya: tunalima kwa kila mmoja kwa zamu, na zamu yako ikifika tunakuja na majembe na mbuzi mmoja tuliyemchangia. Unatulisha, tunakuachia matuta na mbuzi. Siku hiyo ajenti alikuja wakati wa chai na kutuambia ana habari njema.

"Wamama wangu," alisema, "serikali imepitisha sheria ya hizi koini. Sasa mambo ni rasmi. Ndiyo sababu akaunti yenu imefungwa kidogo. Kila mtu atoe ada ya kutii sheria, ifunguliwe, mtoe pesa zenu na faida."

Hapo ndipo mama mkwe alipoanza na leso, na hapo ndipo nilipochoka.

Nilimgeukia ajenti. "Mwezi juzi ulisema imefungwa kwa sababu ya mtandao. Halafu ukasema ni likizo ya wazungu. Leo ni sheria. Soko lijalo itakuwa nini, mbu?"

Mmoja alicheka. Ajenti hakucheka. Tulisoma pamoja sekondari, darasa moja, kwa hivyo huniita classmate hata mbele ya watu.

"Classmate, punguza sauti. Hiyo akaunti iko na ID ya nani?"

Nikaokota jembe langu.

"Ni ya nani? Si ni yako? Basi ukitaka kelele, ujue mwenye akaunti ndiye huulizwa kwanza. Sheria ndiyo hiyo, iko kwa mtandao, isome."

Akaingiza simu mfukoni, akawaambia wamama ada itapokelewa mpaka siku ya soko, akawasha pikipiki. Na wale wamama, ambao nilidhani watanishukuru, walinigeukia mimi.

"Sasa umemfukuza," mwenyekiti akasema. "Nani atatufungulia?"

Nimeandika mengi hapa kwa hasira, na hasira ninayo ya kutosha, lakini chini yake kuna aibu. Akaunti ilikuwa na kitambulisho changu kwa sababu mimi ndiye niliyezileta koini kwenye kikundi.

Mbuzi walikuwa wametushinda. Ukame uliopita ulibeba wengi, na waliobaki bei yao ilipanda mpaka mchango wetu haukutosha. Mwenyekiti akauliza kama kuna kitu kingine tunaweza kuweka akiba. Mimi huuza mtumba huko Makindu siku za soko, na ajenti alikuwa amefungua duka pale, karibu na barabara kuu. Vioo, viti vya plastiki, picha ya koini ya dhahabu mlangoni. Alikuwa ameniambia mara nyingi niingie nione.

Niliingia. Na nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa soko angefanya: sikuuliza koini ni nini, nilitazama ukuta. Askari wa kaunti wameshanifukuza, wamebeba gunia langu la suruali za watoto kwa sababu sikuwa na risiti ya ushuru wa siku. Nimewahi kulia barabarani nikiomba gunia. Kwa hivyo, kwa akili yangu, mtu aliyefungua duka la vioo mchana kweupe, na askari wanapita wakimsalimia, huyo ameshapita kila mahali pa kupitia. Na kweli kibali cha kaunti kilikuwa pale, kimebandikwa, kina stempu, cha mwaka huo huo. Nilikisoma chote. Kiliandikwa biashara ni huduma za simu na vifaa vyake. Nikasema, si koini ziko kwa simu?

Nikarudi nyumbani nikawaambia wamama: "Permit nimeiona kwa macho yangu. Iko sawa."

Hakuna aliyeniuliza swali la pili. Mimi ndiye pekee kwenye kikundi niliyemaliza kidato cha nne. Fomu za chanjo nawajazia mimi, ujumbe wa simu nawasomea mimi. Nikisema jambo liko sawa, huwa limeisha.

Ajenti alikuja kutufundisha. Alikaa kwenye kigoda chini ya paa la jikoni, akala isyo, mahindi na kunde, sahani mbili. Aliwaambia: "Mbuzi anataka nini? Majani, maji, dawa. Koini haili majani. Haigongwi na lori barabarani."

"Na inazaa?" mwenyekiti aliuliza.

"Inazaa, mama. Tena bila dume."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama mkwe wangu alifuta machozi kwa leso, akasema basi hiyo ndiyo mifugo ya wajane. Yeye ni mjane.

Wengi wao wana zile simu ndogo za kubonyeza, kwa hivyo akasema tutumie akaunti moja, yangu. Kwetu hilo halikushangaza mtu. Mbuzi wa kikundi wakingoja zamu hulala boma moja, na majembe ya kikundi hukaa nyumba moja. Tukaona koini nazo zikae kwangu. Mama mkwe aliuza mbuzi wake wote wakubwa akaacha majike mawili na watoto wao. Niliichukua pesa kwa mikono miwili na kumtumia ajenti kwa simu nikiwa nimesimama mlangoni kwa mama mkwe.

Na kila mtu niliyemwingiza, kuna kitu niliongezewa. Ajenti alikiita asante. Nilikitoa mara moja, kikatoka kweli, nikanunua meko ya gesi. Nilikuwa na mtoto mchanga na moshi wa kuni ulikuwa unamfanya akohoe. Mama mkwe aliiombea ile meko, akaweka mkono juu yake, akamshukuru Mungu kwa mkaza mwana mwenye macho. Sikumwambia ilitoka wapi. Nilimwacha aseme amina.

Kisha miezi ya kusoma tarakimu. Kila tukimaliza matuta, nilitoa simu na kutangaza pesa imefika wapi, kama mwalimu anayesoma matokeo. Walipiga makofi. Ilikuwa inapanda tu. Sijui kwa nini haikunishangaza kwamba haishuki. Bei ya ndengu hushuka, bei ya mbuzi hushuka, hata bei ya suruali za watoto hushuka shule zikifunguliwa. Hiyo ilipanda tu na mimi nikaisoma.

Kitu kinachoniamsha na kunichoma uso hata sasa si meko. Ni zamu ya mama mmoja jirani yetu. Zamu yake ilifika akaunti ikiwa tayari imefungwa. Alitupikia, alikuwa amekopa sukari, tulimchimbia matuta mawili marefu, na tulikuja bila mbuzi. Mwenyekiti akanikonyeza. Nikatoa simu, nikamwonyesha ile tarakimu, nikamwambia hapo ndani kuna mbuzi wako. Aliishika simu yangu kwa mikono yote miwili. Hakujua atazame sehemu gani. Aliitazama tu, akasema, "Haya, asante," akanirudishia, akaenda kuosha vikombe.

Kwa hivyo siku ile ya leso, ajenti alipouliza ID ni ya nani, alijua anachouliza.

Nilimpigia mume wangu. Yeye ni fundi wa matairi Mtito Andei, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilimweleza yote isipokuwa meko.

"Achana nayo," akasema. "Watu wameibiwa wengi, si nyinyi pekee."

"Wanataka kulipa tena. Mama atauza yale majike."

"Mwambie asiuze."

"Nilimwambia. Nilimbana mkono mbele ya watu."

Nikasikia lori likipumua kwa nyuma. "Ulimbana mama yangu mkono."

"Ndiyo."

"Na sasa unataka kwenda kuandika jina lako serikalini. Ukiwekwa ndani, huyo mtoto atanyonywa na nani, mimi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Nikikaa kimya, wamama wangeuza kilichobaki soko likifika, kulipia ada ambayo sikuiamini. Nikishtaki, wa kwanza kwenye karatasi ni mimi. Nilitafuta ile sheria kwenye simu, nikaisoma kwa Kiingereza changu cha alama ya C. Ni ndefu. Nilielewa kwamba anayefanya biashara ya kuwashikia watu hizi mali za kidijitali au kuwauzia lazima awe na leseni, si ya kaunti, ya wasimamizi wa mambo ya fedha wa taifa, na asiye nayo ana kosa. Nikajiuliza, ni nani aliyewashikia watu? Nani aliyepokea pesa ya mbuzi kwa mikono miwili? Niliisoma hiyo sehemu nikiwa nimempakata mtoto, amelala na mdomo wazi.

Nilienda kituo cha polisi. Afisa alinisikiliza vizuri, siwezi kusema vibaya. Aliuliza kama kuna mtu aliyevunja mlango. Nikasema hapana. Aliuliza kama nilitishwa. Nikasema hapana, nilichekeshwa. Aliandika kidogo kwenye kitabu cha matukio, akanipa nambari, akasema mambo ya koini yana wenyewe huko juu, nitafute ofisi inayosimamia hizo mali, kuna njia ya kulalamika.

Nikatafuta, nikapiga. Mwanamke alipokea. Nilimuuliza la kwanza kabisa: kuna ada ambayo watu wa kawaida wanalipa ili akaunti zifunguliwe kwa sababu ya sheria mpya?

"Hakuna," akasema. "Sheria haimdai mwekaji ada yoyote. Ni kampuni ndiyo hutafuta leseni. Na kanuni za kutoa hizo leseni bado zinaandaliwa."

"Kwa hivyo huyu hana leseni."

"Mama, lete malalamiko kwa maandishi. Eleza kila kitu."

"Na kama akaunti ni ya kwangu? Kama mimi ndiye niliyewaingiza wengine?"

Alivuta pumzi. "Siwezi kukuambia kama una kosa au huna. Hiyo si kazi yangu kwa simu. Lakini ukiandika nusu, utasaidiwa nusu."

Angalau hakunidanganya. Nilikuwa nimezoea watu wa kunipa matumaini.

Niliwakusanya wamama nikawaambia hakuna ada. Mwenyekiti akauliza nimeambiwa na nani. Nikasema mtu wa serikali, kwa simu. Akasema, "Na koini uliambiwa na nani, si mtu vilevile?" Yule jirani wa vikombe hakuja. Wengine walisema ninaogopa kushikwa ndiyo maana nataka kumchafua kijana wa watu. Mmoja alisema nina wivu kwa sababu sasa ajenti anaongea nao bila kupitia kwangu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejua kwamba neno langu limekwisha. Lilikwisha pale nilipolitumia kwa kibali cha ukutani.

Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua ndengu. Tangu siku ile tulikuwa tunaongea mambo ya kupika tu. Alikuwa hajauza majike. Pia hakuwa amesema hatauza.

Nilikaa chini na simu. Nilikuwa nimeandika malalamiko kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu kinanifanya nionekane nimesema kitu ambacho sijasema. Nilimsomea nikiyageuza Kikamba. Nilipofika kwenye ile asante na meko, nilisoma haraka mno. Nikairudia.

Mikono yake haikuacha ndengu.

"Hiyo meko nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Mwiitu, binti yangu, mtu anayeuza suruali za watoto hanunui meko mara moja."

"Na ukaiombea?"

"Moshi ulikuwa unamuumiza mtoto." Akapuliza maganda. "Lakini ulinibana mkono mbele ya mwenyekiti. Hiyo sikuijua kwako."

Nilimwomba msamaha. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema nimekosa, na kwamba ningemwomba hata mbele yao. Akasema mbele yao nisiombe, watafurahi bure.

"Nikiandika hivi, wanaweza kunishika," nikamwambia. "Nimeandika yote. Niondoe?"

Aliweka ndengu chini. "Jina langu usiweke. Sitaki kusomwa huko Nairobi kama mjinga. Lakini mbuzi weka. Weka wote, na rangi zao kama wanataka."

"Rangi hawataki."

"Basi weka tu."

Tulicheka kidogo. Hakikuwa kicheko cha mambo kuisha. Kesho yake mwenyekiti aliuza mbuzi na kulipa ile ada, na wawili wengine pamoja naye, na akaunti haikufunguka. Mama mkwe alifunga majike yake bomani. Mimi nilienda Makindu na gunia langu, nikapita mbele ya duka la vioo. Lilikuwa wazi. Ajenti alinipungia mkono kutoka ndani. Nikaingia cyber ya jirani, nikamwomba dada wa pale achapishe niliyoyaandika, nikaweka sahihi, akayapiga picha na kuyatuma mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Nakala nyingine nikapeleka kituoni, ikagongwa muhuri. Haya ndiyo niliyoyatuma, ila nambari na majina nimeyaondoa.

KWA MSIMAMIZI WA MALI ZA KIDIJITALI

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA AJENTI WA SARAFU ZA KIDIJITALI, MAKINDU

Mimi ni mkazi wa Mutomo, Kaunti ya Kitui. Ninaleta malalamiko kuhusu mtu anayekusanya pesa za watu akisema anawanunulia sarafu za kidijitali, katika duka lililo Makindu, Kaunti ya Makueni. Jina lake na nambari yake ya simu nimeambatisha.

Kikundi chetu cha wanawake kilimpa pesa ambayo ilikuwa ya kununua mbuzi. Nyingine ilitokana na mbuzi waliouzwa, wakiwemo wa mjane mmoja ambaye hataki jina lake litajwe. Akaunti imefungwa kwa miezi kadhaa na hatuwezi kutoa chochote.

Sasa mtu huyu anadai kila mwanachama alipe ada ya kutii sheria mpya ndipo akaunti ifunguliwe. Nimeelezwa na ofisi yenu kwamba ada hiyo haipo. Wanachama watatu wameshalipa na hawakufunguliwa. Bado anaendelea kupokea. Anatumia sheria iliyowekwa kutulinda kutunyang'anya mara ya pili.

Duka lina kibali cha biashara cha kaunti cha huduma za simu. Mimi nilikiona na nikawaambia wenzangu kwamba kinatosha. Hakitoshi. Naomba ofisi yenu iwaeleze watu wa sokoni, kwa lugha wanayoongea, kwamba kibali cha kaunti si leseni ya kushika mali za watu, kwa sababu sisi wengine tunaogopa askari wa kaunti kuliko mtu mwingine yeyote, na tunadhani aliyemaliza naye amemaliza na serikali yote.

Akaunti iko kwa kitambulisho changu. Pesa za wenzangu zilipita kwenye simu yangu. Nililipwa kwa kuwaingiza, na malipo hayo nilinunulia jiko la gesi ambalo ninalo nyumbani. Sikuwaambia wenzangu kwamba ninalipwa. Nimeambatisha jumbe zote za malipo, yale niliyotuma na yale niliyopokea, sikufuta hata moja.

Ninaomba yafuatayo. Mtu huyu azuiwe kupokea ada hiyo mara moja, kabla ya soko lingine. Ifuatiliwe pesa ilienda wapi. Na wanachama wa kikundi wasihesabiwe kama waliofanya biashara hii, kwa sababu hawajui kusoma hizo jumbe na hakuna aliyepata faida isipokuwa mimi.

Nina mtoto anayenyonya. Nikihitajika kuhojiwa naomba nijulishwe mapema ili nije naye. Sitahama na sitabadilisha nambari. Kama kuna kosa la kuandikwa katika jambo hili upande wa kikundi, liandikwe kwa jina langu peke yangu.